Mbunge Amerudisha Shilingi

Verediana wa Endaqaro alijulikana kijiji kizima kwa mambo mawili. La kwanza ni maharage yake, maana hakuna aliyevuna kumshinda. La pili ni mdomo wake. Akisema jambo asubuhi, mchana limeshafika kwenye mashine ya kusaga, na jioni linazungumzwa mjini Dongobesh. Hakuwa mwongo, hata kidogo. Alisema alichokisikia, kama alivyokisikia. Na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Ilikuwa jioni moja ya mwezi wa nne. Mvua ilikuwa imepumzika. Verediana alikuwa anapalilia mahindi pamoja na mkwewe Eva, mke wa mwanawe Alfredi. Redio yao ndogo ilikuwa inaning'inia kwenye uzio. Betri zilikuwa zimechoka, kwa hiyo sauti ilikuja na kupotea.

"Mama, sikiliza," alisema Eva. "Si mbunge wetu huyo?"

Kweli, alikuwa Mheshimiwa Rogathe, mbunge wao, akizungumza bungeni Dodoma. Verediana aliacha jembe akasogea.

"...Mheshimiwa Mwenyekiti, kama sitapata maelezo ya kuridhisha, nitashika shilingi ya Waziri..." Redio ikakoroma. Verediana akaipiga kofi. Ikanyamaza kabisa. Akaipiga kofi la pili, ikazinduka.

"...kwa maelezo hayo, Mheshimiwa Mwenyekiti, narudisha shilingi."

Betri zikafa.

"Umesikia?" aliuliza Verediana. Macho yalikuwa yamemtoka.

"Nimesikia amerudisha shilingi."

"Shilingi ya nani?"

"Ya Waziri, nadhani."

"Yaani Waziri kampa hela, halafu yeye kairudisha! Hela yetu, Eva! Hela ya zahanati!"

Aliangalia juu ya kilima. Kule lilisimama boma la zahanati yao. Boma hilo lilikuwa ni kuta tupu, hakuna paa, hakuna milango. Wanakijiji walilijenga kwa mikono yao. Wanaume walipasua mawe. Wanawake walibeba maji na mchanga migongoni. Verediana mwenyewe alibeba mpaka bega likavimba. Walifikisha kuta kwenye usawa wa renta, pale juu ya madirisha, nguvu zikawaishia. Serikali iliahidi kumalizia. Ikapita miaka minne. Mvua zikapiga kuta, na ukuta wa nyuma ukaanza kupata ufa.

Na kwa Verediana, boma lile halikuwa jambo la kijiji tu. Lilikuwa jambo la nyumba yake.

Miaka mitatu nyuma, Eva alishikwa na uchungu usiku wa mvua. Alfredi alimpakia kwenye bodaboda kumpeleka kituo cha afya Dongobesh. Hawakufika. Korongo lilikuwa limejaa maji, na Eva alijifungulia pale pale ukingoni, kwenye tope, chini ya koti la dereva. Mungu alisaidia, mama na mtoto walipona. Mtoto aliitwa Tluway, yaani mvua, kwa lugha ya nyumbani.

Tluway alipoanza kukimbia, Verediana akaanza vidokezo vyake.

"Eva mwanangu, huyu mtoto anacheza peke yake. Anatia huruma."

Eva alikuwa binti mpole, hakuzoea kujibu wakubwa. Lakini siku hiyo alijibu.

"Mama, nakuheshimu sana. Lakini mimi korongoni sirudi. Sizai tena mpaka ile zahanati iwe na paa na nesi."

Hakusema zaidi, na wala hakubadilika. Verediana alikasirika, akanuna wiki nzima. Moyoni alijua binti ana haki. Ila alitamani wajukuu jamani, mpaka alikuwa anaota majina yao.

Basi jioni ile alitupa jembe. Hata mikono hakunawa. Alikwenda moja kwa moja kwenye mashine ya kusaga, mahali penye watu.

"Mmesikia ya mbunge wetu? Kapewa hela na Waziri, kairudisha! Nimesikia kwa masikio yangu!"

Kesho yake habari ilikuwa imenenepa. Sasa Mheshimiwa Rogathe alikuwa amekabidhiwa hela ya zahanati mkononi, akaikataa mbele ya Bunge zima. Kufikia Jumapili, baada ya ibada, watu walikuwa wamevimba kwa hasira.

"Tumejitolea vya kutosha," alisema mwenyekiti wa kijiji, Mzee Bura. Bura alikuwa kaka wa marehemu Herman, mume wa Verediana. "Hakuna kubeba hata jiwe moja tena. Akija kuomba kura, tutaonana."

Siku iliyofuata mtendaji wa kijiji, kijana Basili, alimletea Bura barua kutoka halmashauri. Barua ilitaka mkutano wa kijiji uitishwe haraka. Bura hata hakuifungua vizuri.

"Mkutano wa nini? Wa kutucheka?" Akaikunja, Verediana akiona, akaitia kwenye mfuko wa koti.

Kikundi cha akina mama nacho kikaamua lake. Walikuwa wamenunua misumari ya kuezekea, katoni nzima, na Verediana ndiye aliyeitunza. Wakasema, irudishwe dukani, tununue mbegu. Kwa hiyo tarehe ishirini na sita Verediana alijitwika katoni ile, akashuka nayo Dongobesh.

Duka lilikuwa la Bi Hadiya, ambaye wengi walimwita Mama Samira. Alikuwa mwenyeji wa Katesh. Aliuza nyundo, kamba, bati na misumari. Juu ya kaunta palikuwa na chupa ya chai isiyokauka, na pembeni yake redio iliyokuwa inarusha Bunge siku nzima.

"Karibu, Mama Alfredi. Pole na mzigo."

"Nimeshapoa. Mama Samira, nimerudisha misumari yako. Zahanati imekufa. Na wewe zima hiyo redio, inanitia kichefuchefu."

"Imekufa lini? Nani kaiua?"

"Mbunge! Karudisha shilingi. Nimemsikia mwenyewe."

Hadiya alimtazama. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika kaunta. Verediana hakupenda.

"Unacheka shida zetu?"

"Nisamehe, dada yangu. Keti kwanza. Unajua mimi niliuza chai Dodoma miaka tisa? Wateja wangu walikuwa madereva na makarani wa Bunge. Maneno yao yote nimeyanywa pamoja na chai. Keti nikueleze habari ya hiyo shilingi."

Alimmiminia chai kikombe kikajaa, akamsogezea.

"Tuseme umekuja kwangu na jambo. Unataka nikujibu, na mimi nakuzungusha. Nimekuwekea chai. Wewe unaisukuma kando hivi." Akakisukuma kikombe. "Unasema, 'Sinywi chai yako mpaka unijibu.' Je, shida yako ni chai?"

"Hapana. Nataka nijibiwe."

"Haya. Na mimi nikikujibu vizuri, utafanya nini?"

"Nitavuta kikombe changu ninywe."

"Basi umeshajua mambo ya Bunge. Kila mwaka Waziri anapeleka bajeti yake, yaani mpango wa mapato na matumizi. Ndani yake umo pia mshahara wake. Mbunge asiporidhika na majibu, anasimama na kusema, natoa shilingi moja kwenye mshahara wa Waziri. Huko ndiko kushika shilingi. Hapo wabunge wengine wanaweza kusimama wakamuunga mkono. Jambo linajadiliwa, na Waziri hawezi kulikwepa. Akijibu vizuri, mbunge anasema, narudisha shilingi. Amevuta kikombe."

Verediana alikitazama kikombe kilichosukumwa kando.

"Kwa hiyo hakuna hela aliyopewa?"

"Hata senti moja. Mbunge hana sanduku la hela, Mama Alfredi. Kazi yake ni kutunga sheria, kuisimamia Serikali, na kuangalia bajeti kabla haijapita. Hela iko serikalini. Yeye anaisemea, anaidai, anauliza imekwenda wapi. Huyu wetu mwaka jana alibanana nao juu ya lumbesa, wanunuzi wanaojaza gunia mpaka linaota kichwa. Akasemea pia mikopo ya vikundi vya akina mama. Wewe ulisikia?"

"Betri zangu mbovu."

"Betri au masikio?" alitania Hadiya. "Ngoja. Yanayosemwa bungeni yanaandikwa yote. Kitabu chake kinaitwa Hansard. Zamani ulikitafuta maktaba. Siku hizi kiko kwenye tovuti ya Bunge, mtu yeyote anasoma."

Alichukua simu yake, akavaa miwani. Alitafuta kwa muda, akitelezesha kidole. Kisha akasoma polepole.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, katika kijiji cha Endaqaro wananchi wamejenga boma la zahanati kwa nguvu zao. Mwaka wa nne sasa halina paa. Nimekaa na mama mmoja kijana wa pale. Alijifungulia ukingoni mwa korongo, kwenye mvua, amefunikwa koti la dereva wa bodaboda. Mtoto wake anaitwa Mvua. Mheshimiwa Mwenyekiti, nataka Waziri aniambie, ni watoto wangapi tuwaite Mvua ndipo jengo lile liezekwe?"

Verediana aliweka mkono mdomoni. Machozi yalimtoka. Alikumbuka siku mbunge alipopita kijijini. Yeye alikuwa mnadani. Eva alisema tu kwamba waliongea kidogo na mgeni.

"Eva wangu," alisema. "Eva wangu kasemwa bungeni, na mimi nimekwenda kumtukana aliyemsemea. Jamani, mdomo huu!"

"Usilie bado. Sikiliza majibu ya Waziri. 'Maboma yote yaliyofika usawa wa renta yatapelekewa fedha za ukamilishaji katika mwaka mpya wa fedha. Halmashauri zilete orodha kabla ya tarehe thelathini mwezi huu. Kila boma liambatane na muhtasari wa mkutano wa kijiji, ukionyesha kuwa eneo ni la zahanati na wananchi wako tayari kuendelea.' Hapo ndipo mbunge aliporudisha shilingi."

"Muhtasari wa mkutano?"

"Ndiyo. Kijiji kikae, kikubaliane, kiandike, kisaini. Bila hiyo karatasi, jina lenu halimo. Halmashauri haijawaandikia?"

Verediana alisimama ghafla. Mbele yake aliliona koti la Bura, na barua mfukoni.

"Leo ni tarehe ngapi?"

"Ishirini na sita."

"Mungu wangu! Mama Samira, kwaheri!"

"Na misumari?"

"Misumari narudi nayo! Nitwishe haraka!"

Hadiya alimtwisha. Chai ilibaki pale pale kwenye kaunta, haijaguswa.

Verediana alipanda kilima kile kama msichana. Hakupita kwake. Alifika kwa Bura jasho linamtiririka, akaitua katoni mlangoni.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Vipi, wamekataa misumari? Karibu ndani. Mama watoto, mletee mgeni chai."

Chai ya maziwa ililetwa, ya moto, yenye utando mzuri juu. Verediana aliipenda sana chai ya nyumba ile. Siku hiyo alikisukuma kikombe mpaka katikati ya meza.

"Shemeji, ile barua ya halmashauri iko wapi?"

"Barua gani? Kunywa chai kwanza."

"Sinywi. Toa barua uisome."

"Shemeji, chai inapoa!"

"Na ipoe. Nimeshika shilingi."

Bura alikasirika. Nyumbani kwake hakuna mgeni aliyewahi kuacha kikombe. Alimwangalia mkewe, akaangalia kikombe, akamwangalia shemeji yake aliyekunja mikono kifuani. Mwishowe alikwenda kuchukua koti. Aliifungua barua akaisoma kwa sauti, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti ilivyopungua. Yote aliyosema Hadiya yalikuwemo. Muhtasari. Saini. Kabla ya tarehe thelathini.

"Lakini ni wewe, Verediana," alisema. "Ni wewe uliyetuambia mbunge karudisha hela."

"Ni mimi. Nilikosea. Na nitasimama niseme hivyo mbele ya kila mtu. Wewe itisha mkutano wa dharura, kesho kutwa asubuhi. Basili apite nyumba kwa nyumba. Mimi nitapita njia yangu."

"Njia yako tunaijua," alisema Bura, akaanza kucheka bila kupenda. "Inafika haraka kuliko pikipiki. Haya, nitaitisha. Sasa kunywa chai, tafadhali, unaniaibisha."

Verediana alivuta kikombe akanywa yote.

Siku ya mkutano watu walijaa shuleni. Wengine walikuja kwa sababu ya zahanati. Wengine, tuseme ukweli, walikuja kumwona Verediana akiomba radhi. Jambo hilo halikuwahi kutokea.

Alisimama mbele na kikombe mkononi.

"Ndugu zangu, nilisikia neno nusu nikalitangaza zima. Mbunge hakurudisha hela yetu. Hakupewa hela. Alimbana Waziri mpaka akajibu." Kisha akawaeleza kwa kikombe, kama Hadiya alivyomweleza. Watu walicheka, kisha wakatulia. Alipowasomea maneno ya mbunge, yaliyokuwa yamenakiliwa na Basili kutoka kwenye simu, wanawake waliinamisha vichwa. Eva alikuwa nyuma kabisa, amempakata Tluway, anaficha uso.

Mzee mmoja alinyanyua fimbo yake.

"Na Waziri akisema halafu asitoe? Tumeahidiwa mara ngapi?"

"Swali zuri, baba," alijibu Basili. "Fedha kutengwa ni jambo moja, kutolewa ni jingine. Ni sawa na ng'ombe uliyeambiwa ni wako lakini bado yuko kwenye zizi la mwenzako. Lazima umfuate. Ndiyo maana tutauliza halmashauri, na wao wabandike kwenye mbao za matangazo kilichokuja. Kisipokuja, tunamwandikia mbunge barua. Maneno ya Waziri yamekwisha kuandikwa, hayafutiki."

"Na mwakani anashika shilingi tena!" alidakia Verediana.

Mikono ilinyooshwa. Muhtasari uliandikwa pale pale, Bura akasaini, akina mama wakasaini, wasiojua kuandika wakaweka dole gumba. Mchana huo huo Basili aliwasha pikipiki kwenda nao halmashauri. Ilikuwa tarehe ishirini na nane.

Nisiwadanganye kwamba kila kitu kilikwenda haraka. Mwezi wa saba, mwaka mpya wa fedha ulipoanza, hakuna kilichokuja. Mwezi wa nane, vivyo hivyo. Verediana alitaka kwenda kwenye mashine ya kusaga kulalamika. Badala yake alimfuata Basili, wakaandika barua mbili, moja kwa mkurugenzi wa halmashauri na nyingine kwa mbunge. Mwezi wa tisa fedha zikaingia kwenye akaunti ya zahanati, na tangazo likabandikwa kwenye ofisi ya kijiji. Kamati ya ujenzi ikachaguliwa. Verediana akawekwa kwenye kupokea vifaa, kwa sababu, alisema Bura, hakuna fundi atakayethubutu kuiba bati mbele ya mdomo ule.

Ukuta wenye ufa ulibomolewa ukajengwa upya. Watu walibeba mawe tena. Bati zilipofika mwezi wa kumi, misumari ilikuwepo tayari, katoni nzima.

Mwaka uliofuata, mwezi wa pili, zahanati ikafunguliwa. Nesi alikuwa amehamia tangu paa lilipokamilika, Glory, binti mchangamfu aliyekwisha kupaka chokaa njia ya mlangoni. Mheshimiwa Rogathe naye alikuja. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo, na watu walishangaa kwamba ndiye yule aliyembana Waziri. Verediana alimpelekea chai kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Mimi ndiye niliyekusema vibaya."

"Marahaba, mama. Nimeambiwa. Na nimeambiwa pia ndiwe uliyeitisha mkutano kwa kikombe. Nikifika Dodoma nitawasimulia."

"Usinywe kwanza," alisema Verediana, akakizuia kikombe kwa kiganja. "Maji. Nesi anachota kisimani. Hilo utalisemea lini?"

Watu walipasuka kwa kicheko. Mbunge hakucheka tu. Alitoa daftari lake akaandika, akamwonyesha alichoandika. Verediana akaondoa kiganja.

Sherehe ilipokuwa inaendelea, Verediana alimtafuta Eva. Hakumwona. Alianza kuona vibaya kidogo. Siku kubwa kama hii, na mwenye siku yake hayupo! Ndipo mlango wa chumba cha kliniki ulipofunguliwa, Eva akatoka na Glory nyuma yake, wote wawili wanatabasamu.

Eva alitembea moja kwa moja mpaka kwa mama mkwe wake. Mkononi alikuwa na kadi mpya ya kliniki, wino wake haujakauka vizuri. Aliiweka kwenye kiganja cha Verediana, akamfunga vidole juu yake.

"Miezi mitatu, Mama," alisema kwa sauti ya chini. "Nimerudisha shilingi."

Verediana alifungua mdomo. Kijiji kizima kilisubiri. Lakini habari hiyo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakumwambia mtu. Alimkumbatia tu Eva, akalia kwa furaha.